Mpiga Kinanda wa Elisha: Kuandaa Moyo na Akili kwa Kazi Mpya



Najua wengi wenu hamkuwepo Ggaba siku ile. Wewe uko Goma, mwingine Kisumu, mwingine Mwanza, Bujumbura au Juba, na gazeti hili la kumbukumbu limekufikia kwa mkono wa mtu aliyevuka mpaka nalo kwenye begi. Kwa hiyo haya niliyoyasema pale mbele ya wanakwaya na watumishi nimeyaandika upya kana kwamba nakuambia wewe peke yako, tumekaa kwenye benchi, ziwa liko mbele yetu.

Kamati walinipa mada: mtu afanye nini ili akili yake ifunguke, aweze kutunga, kubuni, kuzalisha. Nilipoiona nikasema hii ni mada ya profesa, mimi nina cheti cha chuo cha Biblia tu. Halafu nikakumbuka ujumbe ulioingia kwenye simu yangu siku chache kabla, kutoka kwa mwalimu wa kwaya wa nchi moja ya jirani. Sitamtaja. Maneno yake yalikuwa mafupi: amekauka, miaka miwili hajatunga wimbo hata mmoja, na baada ya sherehe hizi anataka kurudisha daftari la kwaya kwa mchungaji, aachie wengine.

Sasa huyo si mtu mvivu. Nyimbo zake tunaziimba mpaka leo. Nikaona kumbe mada ya kamati si ya mapambo. Tukimpoteza huyu tumepoteza nyimbo za miaka ishirini ijayo. Wala si yeye peke yake. Hebu tazama sisi wenyewe. Kwaya ngapi zinaimba wimbo wa kwaya nyingine, hatua zilezile, hata sare rangi ileile? Wahubiri wangapi wanavuta mahubiri kwenye simu Jumamosi usiku? Na akina mama wa vikundi: mmoja akifungua kibanda cha chapati, wiki ijayo kuna vibanda sita, vyote vya chapati, mtaa mmoja. Tunaomba Mungu atupe kitu kipya, tunaamka tunaiga cha jirani.

Nianze na kisingizio chetu Wapentekoste, maana tuna kimoja kikubwa. Tunasema, "Roho atanipa la kusema, sihitaji kujiandaa." Na tunaleta Mathayo 10:19. Ndugu yangu, rudi nyuma mistari miwili usome polepole. Pale Bwana anasema na watu watakaokamatwa, watakaopelekwa mabarazani na mbele ya maliwali. Ni ahadi ya mtu aliyeburutwa mahakamani bila taarifa. Wewe hukuburutwa. Ulipewa zamu ya kuhubiri tangu mwezi uliopita, na jina lako limebandikwa ubaoni! Luka naye aliongozwa na Roho kuandika, lakini fungua sura ya kwanza ya Injili yake: anasema wazi kwamba alichunguza mambo yote kwa makini tangu mwanzo, ndipo akaandika kwa utaratibu. Roho hakuona aibu kumtumia mtu aliyefanya utafiti.

Na mtu wa kwanza katika Biblia anayetajwa kujazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi ya mikono, unamjua? Si nabii, si kuhani. Ni fundi. Bezaleli, Kutoka 31. Alijazwa ili achonge mbao, achore nakshi, afue dhahabu, fedha na shaba. Kwa hiyo wewe fundi cherehani, wewe seremala, usifikiri mada hii ni ya wanakwaya peke yao.

Sasa twende kwenye andiko langu lenyewe, 2 Wafalme sura ya 3. Wafalme watatu, wa Israeli, wa Yuda na wa Edomu, wametembea siku saba jangwani na majeshi yao na wanyama wao. Maji yamekwisha. Wanamwendea Elisha. Angalia Elisha yuko katika hali gani: amekasirika. Mfalme wa Israeli, mwana wa Ahabu, amesimama mbele yake, na Elisha anamwambia bila kuficha kwamba kama si Yehoshafati kuwepo pale, asingemtazama hata usoni. Moyo umechafuka. Na katika hali hiyo watu wanataka neno la Bwana sasa hivi, majeshi yanakufa kwa kiu.

Elisha alifanya nini? Hakusema, "Upako upo, nitasema tu." Aliomba aletewe mpiga kinanda. Nabii aliyepewa sehemu maradufu ya roho ya Eliya anaomba muziki! Mpigaji akapiga, na alipokuwa akipiga, ndipo mkono wa Bwana ukamjia. Kinanda hakikumleta Roho. Kinanda kilimtuliza mtu, ili mtu aweze kusikia. Hapo ndipo penye siri ya mada yote: Mungu yuko tayari saa zote, asiyekuwa tayari ni huyu mwenye hasira, mwenye kelele kichwani, mwenye madeni na ugomvi wa asubuhi.

Kwa hiyo swali la kwanza ninalokuuliza: kinanda chako ni nini? Sisemi kile cha umeme kilichoko kanisani, ambacho vijana wanagombania. Nasema, ni kitu gani kikifanyika moyo wako unashuka chini, unatulia? Mwingine ni kutembea asubuhi. Mwingine ni kufagia uwanja. Kuna mama hapa Ggaba anayeanika mukene. Aliniambia nyimbo zake zote zimekuja akiwa ameinama kuwageuza samaki juani, hajawahi kupata wimbo akiwa amekaa kwenye kiti. Jijue. Elisha alijijua. Hakuomba chakula wala hakuomba kila mtu atoke nje, aliomba kitu kimoja na alijua kitamfaa.

Na kama kinachokuchafua ni ugomvi na mtu, basi hakuna muziki utakaokusaidia muda mrefu. Mathayo 5 inataka uache sadaka yako madhabahuni ukapatane kwanza. Nimeona kwaya ikikaa mwaka mzima bila wimbo mpya kwa sababu mtunzi na mpiga gitaa hawasalimiani. Watu wanafunga na kuomba juu ya "roho ya ukavu", wakati mpiga gitaa anakaa nyumba ya tatu kutoka hapo!

Halafu neno lenyewe alilopewa Elisha lilikuwa nini? Kuchimba. Bonde lijazwe mahandaki. Hakuna upepo, hakuna wingu, watu wana kiu, na wanaambiwa washike majembe. Asubuhi, wakati wa kutoa sadaka, maji yakaja kutoka upande wa Edomu yakajaza nchi. Wangengoja kuona wingu kwanza, maji yangepita.

Kuchimba handaki kwa mtunzi ni kukaa. Saa ileile, mahali palepale, daftari limefunguliwa, hata kama hakuna kitu. Nilimwambia yule mwalimu wa kwaya: usitafute wimbo, tafuta nusu saa. Kila siku kabla watoto hawajaamka. Andika mstari mbaya. Ndiyo, mbaya! Mstari mbaya unaweza kuutengeneza, lakini ukurasa mweupe utautengeneza vipi?

Mnajua kule nje watu husema kwamba Handel, yule Mjerumani aliyehamia Uingereza, aliandika Messiah kwa siku 24 mwaka 1741. Ni kweli, na ni kazi kubwa ya kushangaza. Lakini wahubiri tukisimulia hatumalizii. Mtu yule alikuwa na umri wa miaka 56 na alikuwa ametunga kwa zaidi ya miaka 35. Baadhi ya sauti za humo alizichukua kwenye tungo zake mwenyewe za nyuma, akazigeuza. Mahandaki yalikuwa yamechimbwa zamani, siku zile 24 ni maji yaliyapata.

Sasa niseme kidogo juu ya mahali tulipokaa, maana Ggaba ni mhubiri. Wageni mliokuja mlipita Kabalagala, Kansanga, Bunga, mpaka lami ikaishia ziwani. Mliona soko, mitumbwi, na mliona pia mitambo ya maji ya shirika la taifa. Sehemu kubwa ya maji ambayo Kampala imekunywa kwa miaka mingi yamesafishwa hapa Ggaba, yakivutwa kutoka ghuba ya Murchison. Lakini ghuba hiyohiyo ndiyo inayopokea mfereji wa Nakivubo, unaobeba maji machafu kutoka katikati ya jiji. Zamani kinamasi cha Nakivubo kilikuwa kikubwa, mafunjo yakichuja uchafu kabla haujafika ziwani. Watu wakakata mafunjo, wakalima magimbi, wakajenga. Matokeo yake maji ya ghuba yamechafuka zaidi, na kuyasafisha kunahitaji dawa nyingi na fedha nyingi. Ikabidi mtambo mwingine mkubwa ujengwe mbali kule Katosi, ambako maji ni safi zaidi.

Umeshaona ninakokwenda. Ukiamka asubuhi, kabla hujasema hata "asante Bwana", unashika simu. Makundi ya WhatsApp matano, video ya ajali, picha za harusi ya mtu usiyemjua, mwanasiasa anatukanwa, mtumishi fulani anamsema mtumishi mwenzake. Dakika arobaini. Huo ni Nakivubo, mpendwa, unaingia wote bila mafunjo ya kuuchuja. Halafu saa tatu unakaa kuandaa somo unashangaa maji yana harufu. Mimi siichukii simu, hata mwaliko wa mkutano huu ulikuja kwa simu. Ninachosema ni mpangilio tu: saa ya kwanza ya siku isiwe ya simu. Iache chumba kingine. Nunua saa ya mezani ya kukuamsha, ni bei ndogo kuliko bando la mwezi.

Na wavuvi nao walitufundisha. Mukene wa hapa, ambao Kenya mnawaita omena na Tanzania dagaa, wanavuliwa usiku kwa taa. Samaki wanaifuata taa, nyavu zinawazunguka. Lakini mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu, mwanga umetapakaa ziwa zima, samaki hawakusanyiki. Ndugu zetu wa Bujumbura na Uvira wanaovua ndagala kwenye Tanganyika wanajua habari hiyohiyo. Sasa mvuvi mwenye akili kwenye siku za mwezi mkubwa hafanyi nini? Halii. Hasemi amerogwa. Anashona nyavu, anaziba mtumbwi, analala na familia yake. Marko 1 inatuonyesha Yakobo na Yohana walipoitwa walikuwa wanatengeneza nyavu. Kazi ya nchi kavu nayo ni uvuvi.

Kuna siku zako za mwezi mkubwa. Umeondokewa na mtu, umetoka kujifungua, umeugua malaria, umehamishwa nchi. Wimbo hauji. Usijihukumu. Shona nyavu: soma, jifunze sauti mpya, nakili nyimbo za zamani kwenye daftari safi, fundisha watoto. Na lala! Hapa nitagusa mahali penye maumivu. Tunapenda mikesha, na mimi ni mtu wa mikesha, sisemi tuiache. Lakini mtu anakesha Ijumaa, Jumamosi yuko mazoezini kutwa, Jumapili anaongoza ibada mbili, Jumatatu sokoni, halafu anasema shetani amemfunga akili. Eliya alipotamani kufa chini ya mretemu, malaika hakumkemea pepo wa uchovu. Alimpa mkate na maji akamwacha alale tena, akamwamsha ale mara ya pili. Ndipo akawa na nguvu ya kwenda mpaka Horebu. Hata Paulo akiwa kifungoni, mtu anayejua kifo kiko karibu, anamwandikia Timotheo amletee joho lake na vitabu, zaidi sana vile vya ngozi. Joho kwa ajili ya baridi, vitabu kwa ajili ya kazi. Mwili una sehemu yake.

Nimeacha kwa makusudi habari ambayo ni yetu kabisa, ya nchi hii na ziwa hili. Mwaka 1890 alifika Buganda mmishenari mmoja kijana, George Pilkington, mtu wa lugha hasa. Alifanya kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kiganda akisaidiana na Mganda, Henry Wright Duta, ambaye bila yeye Pilkington asingefika popote. Siku hizi jina la Duta linasahaulika, nami nalitaja kwa makusudi. Kazi ilikwenda, lakini mtu mwenyewe ndani alikuwa amekwisha. Alifikia kuona kwamba kama hakuna kitakachobadilika, afadhali aache umishenari. Mwisho wa mwaka 1893 akapanda mtumbwi akaenda kisiwa cha Kome, humu humu ziwani, akakaa peke yake. Alikuwa na kijitabu cha mwinjilisti Mtamil kutoka India ya kusini, V. D. David. Akasoma, akaomba, na huko kisiwani akakutana na nguvu ya Roho Mtakatifu. Alirudi Mengo mtu mwingine, na uamsho ukaanza miongoni mwa Waganda. Miaka mitatu tu baadaye, 1896, Biblia nzima ya Kiganda ilikuwa imechapwa. Ilikuwa nene na nyembamba kwa umbo, watu wakaiita Biblia ya bati la biskuti, maana iliingia kwenye bati ikawa salama na mchwa. Mwaka uliofuata, 1897, Pilkington aliuawa katika maasi ya askari wa Sudani huko Busoga. Fikiri kama angeacha mwaka 1893.

Halafu Septemba 1929, kilimani Namirembe, si mbali na hapa kwa boda boda. Daktari Mwingereza, Joe Church, ametoka Gahini, Rwanda, ambako njaa kubwa ilikuwa imewaua watu wengi. Amechoka mwili na roho, amekuja Kampala kupumzika. Anakutana na Mganda anayeitwa Simeoni Nsibambi, ambaye anataka kile kile anachokitaka yeye: zaidi ya Mungu. Wakakaa siku mbili. Hawakuita mkutano, hakuna spika zilizofungwa. Watu wawili, Biblia, wakifuata mistari inayomhusu Roho Mtakatifu tangu ukurasa mmoja hadi mwingine, na kuomba. Church akarudi Rwanda, Nsibambi akaendelea Kampala. Katika miaka ya 1930 moto ule ukawaka Gahini, ukaingia Kabale, ukaenda Burundi, Kenya na Tanganyika. Leo hii ukiimba Tukutendereza katika msiba Bukoba au Nyeri, watu wasiojua Kiganda wanaitikia.

Angalia vizuri walichokuwa nacho. Mmoja alikwenda mbali na kelele akiwa na kitabu kimoja. Wengine walikuwa wawili, siku mbili, jambo moja. Sisi tunakwenda kwenye mafungo tukiwa mia mbili, masomo tisa, chaja za simu kila ukuta! Tafuta mwenzako mmoja. Awe mtu ambaye ukimwonyesha ubeti wako mbovu hatakucheka wala hatausambaza. Pilkington alikuwa na Duta, Church alimpata Nsibambi, na Bezaleli alipewa Oholiabu.

Na ninyi viongozi, nina ombi moja nanyi kwa haraka. Mtu akileta wimbo mpya au wazo la mradi, msimkatishe siku ile ile. Nimekaa kwenye kamati ambako wazo linauawa kabla mtu hajakaa chini. Mpeni wiki mbili ajaribu. Na acheni watu watunge kwa lugha za mama zao, Kiswahili kitafuata. Pale Ggaba tulisikia sauti ya Kibembe na ya Kijaluo zikifanyiwa kazi kwenye kona ya ukumbi, na mimi sikuelewa neno, lakini niliweka kalamu chini nikasikiliza.

Kuhusu yule mwalimu wa kwaya: alikuja. Daftari hajalirudisha. Ana beti mbili, na anasema kibwagizo bado kinamkataa.

Baada ya hotuba tulifanya hivi, nawe unaweza kufanya huko uliko na mtu mmoja au wawili. Simu zote ziliwekwa kwenye kikapu, mama wa jikoni akakaa nacho. Kila mtu alichukua Biblia, daftari la kurasa 48 na kalamu, akatafuta kivuli chake kando ya ziwa kwa saa mbili. Nusu saa ya kwanza kimya tu, hakuna kuandika. Kisha 2 Wafalme 3, mara mbili, polepole. Kisha andika, chochote, bila kufuta. Hatukuruhusu mtu kusoma alichoandika mbele ya watu siku hiyo. Alimsomea mwenzake mmoja tu, basi. Saa kumi chai ikawa tayari, na kulikuwa na mihogo.